Mnaokwenda Maskati mara ya kwanza: yaliyonikuta Alhamisi hadi Jumamosi

Wakuu, habari za mihangaiko. Haya nayaandika kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga sijauficha.

"Huyo? Atarudi kabla kitanda chake hakijapoa." Hayo ni maneno ya mjomba wangu Kibwana, alipokuwa akiniazima begi lake la safari. Jirani aliyeniazima koti alisema nitaishia uwanja wa ndege. Binamu akanipa viatu, akaniuliza kama nitavirudisha kwa posta.

Niliwaacha waseme. Nilikuwa na diploma ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, niliyojisomesha mwenyewe kwa kubeba matofali Morogoro. Wangapi pale mtaani walikuwa nayo? Hakuna.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Niliingia na viza ya matembezi ya mwezi mmoja, nikafikia Khuwair ya Kusini kwa Bi Rayya, dada wa mwalimu wangu wa chuo. Ni mzaliwa wa Unguja, aliyehamia Omani miaka mingi.

Wiki tatu nilizunguka kutafuta kazi. (Teksi za kule: patana bei kabla hujakaa. Ukikaa kwanza, umekubali bei yake. Na ile barabara kuu usithubutu kuivuka kwa miguu, hata kama unaliona duka upande wa pili.)

Jumatano asubuhi nikafanyiwa usaili na Bwana Seif, mwenye karakana ya AC, mpwa wa Bi Rayya. Maswali yote niliyamaliza. Akanipa barua: niipeleke ofisi ya viza hapo hapo Khuwair ikagongwe muhuri wa kuniruhusu kufanya kazi kabla viza yangu haijaisha.

Viza ilikuwa inaisha Ijumaa.

Nikahesabu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku tatu, haraka ya nini? Nikaenda zangu sokoni Matrah kutembea na barua mfukoni, kifua mbele.

Alhamisi nikavaa koti la jirani na viatu vya binamu. Jua la Julai kule halina huruma, koti likaloa mgongoni kabla sijafika. Nikakuta geti limefungwa. Mlinzi akanitazama, akasema neno moja: "Sabt."

Jumamosi!

Miaka ile wikendi ya ofisi za serikali kule ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. (Siku hizi ni Ijumaa na Jumamosi, lakini hakikisheni wenyewe. Na ofisi hufunga mapema, saa nane mchana usitegemee kumkuta mtu.)

Bi Rayya alinipokea mlangoni. "Hukuuliza?"

"Nilidhani najua, bibi."

"Nnakwambia mwanangu, hilo 'nilidhani' litakurejesha kwenu."

Ijumaa sikula. Kila gari lililosimama nje nilijua ni askari. Mchana ndugu wa Bi Rayya walikuja kula kama kawaida yao ya Ijumaa, mimi nikajifungia chumbani. Bi Rayya akagonga: "Toka wewe, huyu ni Seif, si polisi!"

Nikatoka, nikamweleza Bwana Seif yote. Hakucheka.

"Fundi asiyejua siku ya kazi, atajuaje siku ya kufungua karakana yangu? Kesho nenda, sema kweli. Ukirejea na muhuri una kazi. Ukikosa, panda ndege."

Jumamosi nilifika kabla geti halijafunguliwa. Foleni ikawa ndefu. Nilipofika dirishani nikatoa barua na pasipoti, nikanong'ona kwa Kiswahili, nikijua hakuna anayenielewa: "Ofisi gani hii inalala siku mbili!"

Ofisa akainua macho kutoka kwenye tarehe ya barua. Kanzu nyeupe, kofia ya nakshi.

"Haikulala, ndugu yangu. Ilikusubiri tangu Jumatano."

Kiswahili safi kuliko changu! Nilitamani sakafu inimeze. (Kwa hiyo, wakuu: Maskati usimsengenye mtu kwa Kiswahili. Karani, dereva, daktari, huwezi kujua nani mama yake alimbembeleza kwa lugha hiyo.)

"Kwa nini hukuja?"

Nikasema kweli: kwetu Ijumaa ni siku ya kazi, na sikumuuliza mtu kwa sababu nilijiona msomi.

Akaigeuza pasipoti yangu mara mbili. Muda ule ulikuwa mrefu kuliko miaka yote ya chuo. Kisha akaniandikia faini ya siku moja, akavuta muhuri.

"Msomi," akasema, "kalenda nayo isome."

Nilikaa Maskati miaka saba. Nilianza kama fundi, nikaondoka nikiwa msimamizi wa mafundi wote wa karakana ile. Diploma ilinipa kazi, sibishi. Ila nusura kiburi cha diploma kinikoseshe hiyo kazi. Uliza siku za kazi, uliza saa za kufunga, uliza siku ile ile unayofika.

Niliporudi Morogoro nilipita nyumba kwa nyumba. Koti la jirani lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi. Viatu vya binamu nilivitia soli mpya, na sikutumia posta. Mwisho begi la mjomba, nikalirudisha limejaa zawadi mpaka zipu inalalamika.

Mjomba Kibwana hakulifungua. Alilisogeza kando, akakohoa.

"Mwanangu wa mwisho anataka kwenda huko," akasema. "Hivi ofisi zao zinafungwa siku gani?"

Na wewe mwenye swali kama la mjomba, uliza hapa hapa. Mliowahi kufungiwa geti ugenini, semeni nanyi, nisibaki mjinga peke yangu.