Walimwambia Mwenye Mgonjwa

Siku ya kuruhusiwa kule Dar, daktari alisimama mlangoni akauliza, "Mwenye mgonjwa nani?" Mume wangu akainuka, wakaenda kuongea ukumbini. Mimi niliyewekewa betri ya moyo chini ya bega la kushoto nilibaki kitandani nanyonyesha, kana kwamba betri amewekewa yeye.

"Amesemaje?"

"Usinyanyue sana mkono. Basi."

Tukarudi Usoke, tumbaku inachumwa. Wiki ya tatu mkono wa kushoto ukaanza kuvimba. Ukawa mzito, ukaiva rangi ya zambarau, mishipa ikajichora begani mpaka kifuani. Hata kumfunga mwanangu mgongoni nikashindwa. Ananinyooshea mikono, analia, namtazama tu.

"Huu uvimbe daktari aliusema?"

"Kawaida hiyo. Utaisha."

Mama mkwe akawa ananichua kila jioni kwa samli ya moto. "Vumilia mwanangu, damu imelala, tuiamshe." Mimi nimeuma kanga. Mume wangu anapita na tumbaku kwenda bani, kibanda cha kukaushia, anatuona. "Mama, mchue barabara! Huyu akipona atafunga tumbaku kutushinda wote." Wakacheka. Na mimi nilicheka. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Nilipoanza kukosa pumzi nilimbeba mtoto kwa mkono mmoja nikapanda basi mpaka Tabora mjini, kwa dada yangu wa Chemchem. Akanipeleka hospitali asubuhi ileile. Daktari, binti wa rika langu, alipima akasema waya wa betri unapita ndani ya mshipa kwenda moyoni, damu imegandia hapo, mshipa umeziba. Donge likikatika linakwenda kwenye mapafu.

"Nani alikuwa anakuchua?"

Nikamwambia. Akashika kichwa. Akapiga simu Dar, akaweka sauti nje.

"Tulimweleza mumewe," walisema. "Mkono ukivimba arudi siku hiyohiyo. Na asichuliwe kabisa."

Kabisa. Na yeye alisimama pale akimhimiza mama yake.

Nikampigia. "Walikwambia?"

"Nilitaka tumalize bani lile moja kwanza, mke wangu. Nilijua ungeondoka wiki nyingi."

Mama mkwe alipojua alilia mpaka sauti ikakauka. Alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe. Yeye sina neno naye.

Nililazwa, nikapewa dawa za kuzuia damu kuganda. Siku ya kuruhusiwa mume wangu alikuja na machungwa, akakaa pembeni ya kitanda. Yule binti daktari akaingia na karatasi zake, akauliza kwa mazoea, "Mwenye mgonjwa nani?"

Mume wangu akainuka.

"Kaa chini," nilimwambia, mbele ya wodi nzima. "Daktari, niambie mimi. Yote. Na hayo ya kutisha."

Daktari akamtazama, akanitazama, akavuta kiti upande wangu. Mkono wa kushoto ulikuwa bado mzito. Nilipokea karatasi kwa wa kulia, nikaisoma mpaka mwisho, mume wangu akimenya chungwa ambalo hakuna aliyelitaka.