Mafuta ya Chatu Kwenye Tope

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, hakuna kijana wa upande wetu wa mto aliyenishinda mbio, na anayebisha aje tubishane. Mto wetu uko upande wa Sengerema, pale unapoingia ziwani. Upepo wa ziwa ukivuma, maji hupanda hadi kwenye majani. Ukitulia, yanarudi na kuacha tope jeusi la kufika magotini. Hapo, kila mwaka baada ya mavuno, vijiji vya kingo mbili vilishindana: kuvuta kamba, mieleka, na mwisho kuvuka tope. Unakimbia kwenda ng'ambo, watu wa huko wanajaribu kukukamata. Ukifanikiwa kugusa kigingi chao, kijiji chako kinachukua dume la ng'ombe.

Mwaka ule nilijipaka mafuta ya sangara yaliyobaki kwenye kikaango cha mama. Mafuta ya samaki, basi! Ila mdomo wangu haujui likizo. Tukinywesha ng'ombe, niliwatangazia watoto wa ng'ambo: "Nimechanjwa chale, nikapakwa mafuta ya chatu. Atakayenishika, mkono wake utakufa."

Habari zikamfikia bibi, mama mzaa baba.

"Hiyo dawa unayo?"

"Sina, bibi. Nawatisha tu."

"Basi umeiita. Dawa ikitajwa na asiye nayo, inakuja kumtafuta. Na haiji bila damu."

Nilicheka hadi nikapaliwa.

Siku yenyewe, mkono wa kwanza uliteleza begani, wa pili kiunoni. Niliwapita saba. Nikisimulia kilabuni huwa wanafika kumi na watano, lakini haya naandika, acha niseme kweli. Nikagusa kigingi.

Sikupata hata nafasi ya kushangilia. Baba wa kijana mmoja wa ng'ambo alinidaka shingo. Mwanawe alikuwa analia kwamba mkono umekufa ganzi, na kweli nilikuwa nimeukanyaga.

"Dawa ya chale huvunjwa kwa chale!" yule baba akapiga kelele. "Leteni wembe!"

Kwetu kila mtu anajua hivyo: unakata palepale penye kovu, damu inaitoa dawa. Tatizo ni kwamba mimi sikuwa na kovu hata moja. Wakanigeuzageuza kama mbuzi wa kuchunwa.

"Kazificha! Mchawi mdogo huyu!"

"Ni mafuta ya samaki! Ninuseni!"

Nani aninuse? Wembe ukapita mgongoni mara mbili.

Hapo ndipo kaka yangu Masanja, mvuta nyavu wa miaka kumi na tisa, alipovuka tope na fimbo yake ya kuchungia. Pigo la kwanza lilivunja taya la mwenye wembe. Nilisikia likilia kama muwa unaovunjwa. Kisha vijiji vikavamiana. Watu walipigana kwa fimbo, kwa makasia, akina mama kwa mawe. Mzee mmoja alikandamizwa uso topeni mpaka miguu yake ikaacha kurusha mateke, ndipo wakamvuta na kumtapisha. Panga likashuka juu ya Masanja. Akainua mkono wa kulia kujikinga, na vidole vitatu vikabaki kwenye tope. Tulivitafuta mpaka maji yakapanda.

Bibi hakunikemea. Alichemsha maji ya chumvi, akaosha ule mkono, nami akaniamuru nishike beseni nisifumbe macho. Masanja hakuvuta nyavu tena.

Mashindano yalisimama miaka mingi, sasa yamerudi, yana spika na jezi. Juzi Masanja alinijia nyumbani.

"Mdogo wangu, mtoto wangu wa mwisho anavuka Jumamosi. Ile dawa ya chatu, umebakiza?"

Hakuwa anatania. Miaka yote huonyesha watu ule mkono na kusema: "Vidole hivi nilivitoa kulinda dawa ya ukoo." Husema akiwa amevimba kifua, mimi nikiwa hapo hapo nakunywa.

Nilifungua mdomo nimwambie: sangara, kaka, kikaango cha mama. Nikauona ule mkono umeshika kikombe cha chai kwa vidole viwili, umekizoea.

"Iliisha," nikamwambia. "Iliisha siku ile, ilipomwagika damu yako."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akanywa chai yake. Nimedanganya watu kutoka Buzuruga hadi Kisesa, na kila mara nilifurahi. Siku hiyo, alipoondoka, nilikaa mlangoni mpaka chai yangu ikapoa.