Gobore Ambalo Sikuliamsha

Kosa langu la kwanza lilikuwa mafuta. La pili lilikuwa neno moja, "tayari", nililolitamka huku najua si kweli. Nayaandika yote mawili hapa kwa sababu kila ninapoyasimulia kwa mdomo najikuta nayapunguza.

Mjomba wangu alikuwa na gobore. Kwa asiyelijua, ni bunduki ya kushindilia. Baruti nyeusi humiminwa kwa mdomo wa mtutu, hufuata kitambaa, kisha risasi, na vyote husukumwa chini kwa ufito wa chuma. Nyuma, karibu na kitako, pana kitundu chembamba, na juu yake huwekwa fataki. Nyundo ikiigonga fataki, cheche hupita kwenye kitundu na kuifikia baruti. Mjomba alilirithi Newala kutoka kwa mjomba wake. Karatasi ya kibali chake ilikuwa imekunjwa miaka mingi mpaka ikawa laini kama leso. Kazi ya gobore ilikuwa moja tu, kulinda mihogo na karanga zake kule Lisekese dhidi ya nguruwe pori.

Mimi niliishia kidato cha nne, nikajifundisha kutengeneza redio na simu kwa kufungua zilizokufa. Nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Nikiona skrubu yenye kutu, moyo haunitulii. Nilipohamia kwa mjomba kumsaidia shamba, gobore lilinisumbua kuliko nguruwe. Lilikuwa na masizi mdomoni, kutu ubavuni, na kitako kilichofungwa waya. Nilikaa na simu nikitazama video za watu wa mbali wanaosafisha bunduki za namna hiyo. Lugha yao sikuielewa, nikawa naiga mikono tu.

Nilitaka pia kujua nguvu yake hasa. Nilimsumbua mjomba mpaka akakubali kupiga mbao mbili za mkorosho nilizozisimamisha moja nyuma ya nyingine. Kwa hatua thelathini risasi ilitoboa ubao wa kwanza na kukwama kwenye wa pili. Kwa hatua sitini haikugusa hata ubao, ilirusha vumbi pembeni. Niliandika yote kwenye daftari, nikaomba tujaribu kwa hatua arobaini.

"Baruti si ya kuulizia maswali," alisema, akalipangusa.

Jirani yetu, Myao na mtani wake wa siku zote, alikuwa amesimama anakohoa kwa makusudi, moshi mweupe ukimzunguka.

"Hiyo si bunduki, ni jiko la kuni. Nguruwe wako wanakufa kwa kikohozi."

"Wewe nguruwe humli. Wivu wa nini?"

"Namwonea huruma. Afe kwa heshima!"

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanigeukia. "Usihangaike na kishindo. Gobore lina neno moja. Likishalisema, mpaka ulishindilie tena nguruwe yuko Nachingwea. Nguvu yake ni kusubiri. Mwache aje karibu, hata ukitetemeka, mwache aje."

Alikuwa na desturi moja niliyoidharau. Kabla ya kushindilia aliweka jivu kidogo juu ya jani, akalielekezea mdomo wa mtutu mtupu, akapiga fataki peke yake. Jivu likiruka, alisema gobore limeamka. Lisiporuka, alichokonoa kitundu kwa sindano na kupiga tena. Niliona ni ushirikina wa wazee na upotevu wa fataki, ambazo hazipatikani kirahisi.

Siku moja, kabla ya mavuno ya karanga, aliniruhusu kulishindilia mwenyewe. Niliona nimepewa ufunguo wa nyumba. Nililiosha kwa maji ya moto mpaka maji yakatoka meupe. Nikalikausha, nikamimina mafuta ya cherehani ndani, nikapaka na nje. Liling'aa. Nilipofika kwenye jivu na fataki nilisita. Fataki moja ingerudisha masizi kwenye mtutu wangu msafi. Nikaacha kuliamsha. Nikashindilia.

Alfajiri ya siku iliyofuata, tukiwa njiani kuelekea shambani, aliniuliza, "Umeliamsha?"

"Tayari, mjomba."

Nguruwe dume alikuwa kwenye mihogo, amefukua matuta mawili. Mjomba alipiga goti, akasubiri kama alivyonifundisha. Hatua thelathini. Ishirini. Nilikuwa nyuma yake na jembe mkononi. Kwa hatua kumi na tano, mahali ambapo gobore halina sababu ya kukosa, alifyatua.

Tak.

Fataki ililia peke yake. Hakukuwa na moto wala moshi. Mjomba hakulishusha. Mara nyingine baruti huchelewa kushika, na mwenye akili hageuzi mtutu upesi. Alisubiri, kwa sababu alikuwa mtu wa kusubiri. Nguruwe hakusubiri. Alikuja moja kwa moja, na meno yake yakaingia kwenye paja la mjomba, juu ya goti.

Nilipiga kelele na kurusha jembe, nguruwe akakimbia. Jirani alifika na pikipiki yake. Tulimweka mjomba katikati, mimi nyuma nikilibana paja kwa shati langu mpaka Mkomaindo, hospitalini. Njia nzima mtani wake hakutania hata mara moja.

Aliishi siku kumi na moja. Kila aliyekuja kumwona aliuliza bunduki ilifanya nini, na kila mmoja alipewa jibu lile lile. "Limezeeka, kama mimi." Alilisema mbele yangu, bila kunitazama. Siku ya sita tulibaki wawili.

"Mafuta?" aliuliza.

"Ndiyo, mjomba."

"Niliyanusa mkononi mwangu asubuhi ile." Aliugeuza mkono juu ya shuka. "Nikasema, aah, mtoto kasema tayari."

Alifumba macho, nami nikamtengenezea shuka lisilohitaji kutengenezwa.

Tulimzika kwao Newala. Padri alipomaliza sala, likaja jambo ambalo nilikuwa naliogopa tangu tulipoanza kupanda mlima. Katika ukoo wetu mwenye gobore akizikwa, gobore lake hulia mara moja, na anayelipiga ni mtoto wa dada yake. Ndiye mimi. Wazee wawili walikataa. Walisema chuma kilichomwangusha mwenyewe hakistahili kumuaga. Mtani, ambaye msibani ana ruhusa ya kusema lolote, alisimama na kuanza kazi yake.

"Leteni hilo jiko! Limekataa kumpigia nguruwe, litampigia marehemu? Likilia, mimi leo nakula kitimoto!"

Watu walicheka huku wanafuta machozi. Mke wa mjomba, ambaye sisi tunamwita shangazi, aliinua mkono akiwa amekaa mkekani.

"Lilie," alisema. "Hata likikohoa tu, lilie. Alilipenda."

Baruti ile iliyolowa mafuta nilikuwa nimeshaitoa siku za hospitali, nikalikausha juani. Nilichota jivu kwenye mafiga ya wapishi wa msiba, nikaliweka juu ya jani. Nikapiga fataki peke yake. Jivu liliruka lote, jani likabaki tupu. Nilijua kitakachofuata. Nilishindilia baruti na kitambaa bila risasi, nikaelekeza mtutu juu, upande wa bonde la Ruvuma.

Lililia. Nilikuwa nimelisikia mara nyingi, lakini siku ile lilinipiga kifuani. Kishindo kilishuka bondeni na kurudi. Moshi ulitufunika wote, kisha ukaondoka. Mtani alikuwa wa kwanza kusema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Kumbe lilikuwa zima."

Walilitazama gobore, kisha wakanitazama mimi niliyelishika. Mjomba alikuwa ameniachia mahali pa kujificha, na mlango ulikuwa bado wazi. Ningeweza kusema limepata bahati, na wazee wangekubali, maana wazee hawapendi ugomvi kaburini.

"Halikuzeeka," nilisema. "Mimi nilitia mafuta, sikuliamsha. Akaniuliza, nikamwambia tayari."

Mzee mmoja alisema, "Mungu wangu," akakaa. Shangazi hakulia. Aliinuka, akakunja mkeka wake taratibu, akaenda kwa wanawake jikoni. Jioni nilimfuata.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Alikuwa anachagua mchele, na alichagua mpaka ungo ukaisha.

"Alikuficha wewe," alisema mwishowe. "Mimi akaniacha siku kumi na moja nakitukana chuma. Nimelaani chuma, mwanaume nimemuuguza, na wewe ulikuwa unaniletea maji ya kunawa."

"Ndiyo, shangazi."

"Marahaba," alisema. "Nenda ukale."

Sasa ni mavuno ya pili tangu siku ile. Gobore nililipeleka mwenyewe polisi Masasi pamoja na kibali chake, kwa sababu mwenye kibali hayupo. Nguruwe tunawafukuza kwa madebe na moto, na wanakula wanachokula. Daftari la majaribio ya mbao nimelichoma. Shangazi huitikia shikamoo yangu kila asubuhi, ila hajaniita tena mwanangu. Bado natengeneza redio za watu, na bado napenda zing'ae. Mtu akiniuliza kama iko tayari nami sijaijaribu, namwambia sijaijaribu.