Kabati Lililokatwa Kabuga

Msomaji wangu, mzee mmoja wa Kabuga amefariki, na habari nimezikuta kwenye simu katikati ya ujumbe wa michango ya harusi. Hukumjua. Waliomjua ni wachache mno, nami niliyejiita rafiki yake nilikuwa sijamtembelea mwaka mzima. Alikulia Kampala, akafanya kazi za ofisini hadi kustaafu, na mkewe alipotangulia alibaki na kabati la mahogani la Kiingereza, refu hadi darini, alilolinunua kwa Mzungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao.

Loo, kabati lile! Alinikalisha mbele yake kama ninayetambulishwa kwa wakwe. Mbao zilitoka visiwa vya mbali, mafundi wa Uingereza wakazichonga, na kwa miaka mingi matajiri wa huko waligombania makabati ya namna hiyo. "Siku hizi wajukuu wao hawayataki," akaniambia akicheka. "Wanasema yanatia nyumba giza. Basi mimi nalo tumestaafu pamoja." Kisha akanionyesha ujanja wa mafundi wale: kabati ni vipande viwili. Cha juu hakina msumari wala gundi, kimekalia cha chini kwa uzito wake tu. Watu wanne wakikiinua, kinatoka. "Siku yangu ikifika, wewe utawaonyesha," akasema. Nikajibu upesi, "Bila shaka, mzee."

Nilifika msibani siku ya tatu, eti kazi zilinibana. Sebule ilijaa viti vya waombolezaji, na nje, ukutani, lilikuwapo kabati, limekatwa kwa msumeno katikati ya milango yake. Mpwa wake, binti mpole aliyemuuguza wiki za mwisho, akanieleza: "Tulitaka nafasi ya watu, muzee. Kabati iko kubwa, haikupita kwa mlango. Tukaita fundi." Nikamweleza linavyotenganishwa. Akaziba mdomo kwa kiganja. Hakunilaumu hata kidogo, aliuliza tu, "Kumbe kuna mtu alijua?"

Naona aibu, jamani. Nimeandika mara ngapi hapa juu ya kutunza vya kale, na mabasi ya Kabuga yanaondoka mchana kutwa! Sasa najua peke yangu jambo lisilomfaa mtu yeyote, na sina wa kuzungumza naye habari zake. Mzee anapokukabidhi kitu anachokijua peke yake, anakuomba uwe unakuja. Mimi nilidhani ameniomba nikumbuke.