Kipande cha Kwapa

Kwa miaka thelathini na mitatu mama yao aliitwa Mama Kurwa. Ndiyo desturi, mtoto wa kwanza ndiye anayebeba jina, na Kurwa alimtangulia pacha wake Doto kutoka tumboni kwa nusu saa nzima. Kisha Doto akarudi Masasi na shahada ya uhandisi, na haikupita miezi miwili watu wa Mkomaindo wakaanza: "Shikamoo, Mama Injinia." Mama naye, badala ya kuwakatalia, akawa anaitikia marahaba ndefu yenye tabasamu. Kurwa alikuwa kibarazani kwake, mguu kwenye pedali ya cherehani, akasikia kila kitu. Siku hiyo alishona pindo la sketi ya mteja mara tatu, na mara zote tatu likaenda upande.

Ingekuwa nafuu kama angekuwa na wa kumlaumu. Hakuwa naye. Walifaulu darasa la saba wote wawili, wakaanza kidato cha kwanza wote wawili, na ni Kurwa mwenyewe aliyesema madaftari yamemchosha, anataka kushona. Akajifunza, akaiva. Anayetaka joho la kwaya linalokaa vizuri mabegani, awe wa Masasi au wa Newala, huambiwa nenda kwa Mama Huruma, na Mama Huruma ndiye yeye, Huruma ni bintiye. Anakutazama ukitembea hatua nne tu, ameshajua bega lako lipi liko chini. Basi jina alikuwa nalo, wateja alikuwa nao. Lakini mwenye wivu hahesabu vyake, anahesabu vya mwenzie.

Kazi iliyowakutanisha aliileta Doto. Kila msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, wapulizaji hurudi nyumbani macho mekundu, shingo zinawasha, vifua vimebana. Ovaroli zipo, ila nani atazivaa? Nzito, zina joto, na aliyevaa anafanana na mfungwa. Doto akabuni mavazi sita ya shambani, kuanzia la mpulizaji hadi la mama anayeokota korosho. Kitambaa chepesi kilichofumwa kwa kubana ili vumbi lisipite, na chini ya makwapa matundu ya kuingiza hewa, yenye chujio ndani yake. Alipoambiwa atafute fundi, alikwenda moja kwa moja kwa dada yake.

"Dada, mimi kazi yangu hesabu," alimwambia. "Wewe ndiye utakayeipa nguo sura, mtu aipende."

Na Kurwa akaipa sura, huo ndio ukweli. Alipunguza viuno, akatia kola za kitenge, akapandisha mifuko mahali ambapo mkono unaikuta bila kutafuta. Hamudi, mpulizaji kutoka Chilangala aliyekuja kujaribu, alijitazama kwenye kioo akasema hii hata harusini anaingia nayo. Lakini walipokuja watu wa redio, walimhoji Doto nusu saa nzima. Kuhusu Kurwa walisema maneno manne: "Na huyu ndiye anayeshona." Maneno hayo akalala nayo, akaamka nayo.

Wiki mbili kabla ya majaribio ya shambani mbele ya wageni, Doto akaleta mchoro wa mwisho wa vazi la mpulizaji. Kurwa akautandaza mezani, akaliona kosa kabla hajashika mkasi. Doto alikuwa amewapima watu wamesimama mikono chini, kama askari wa gwaride. Sasa anayepulizia mikorosho, mikono chini ataiweka saa ngapi? Asubuhi nzima ameinua mdomo wa bomba kuelekea matawini, na salfa inapanda halafu inamshukia. Nguo iliyobana kwapani, mkono ukipanda, inavuta. Ikivuta, lile tundu la hewa linaachama na chujio linatoka mahali pake. Dawa yake fundi yeyote wa majoho ya kwaya anaijua, maana wanakwaya nao huinua mikono: kipande cha pembe nne kinachoshonwa kati ya mkono wa nguo na ubavu. Kipande cha kwapa. Kazi ya dakika ishirini.

"Doto, hapa kwapani," alianza.

Doto alikuwa kwenye simu. Akaifunika kwa kiganja. "Dada, kata kama mchoro ulivyo, tafadhali. Nina haraka."

Kata kama mchoro ulivyo. Kama vile mtoto wa juzi anayejifunza kushona vifungo. "Haya," Kurwa akasema, akakata kama mchoro ulivyo.

Nafasi ya kusema aliipata tena, mara nyingi. Walikula sahani moja, walikunywa chai ya birika moja. Hakusema. Na msidhani alimtakia pacha wake mabaya makubwa. Alitaka jambo dogo tu: Hamudi ainue mkono, nguo igome, wageni wamtazame Doto waone kwamba naye hukosea. Kisha yeye asimame, aombe mkasi, aitengeneze mbele ya macho yao. Alikuwa hata ameshachagua gauni la kusimama nalo.

Ikafika Ijumaa, wakapanda hadi Chilangala. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka mikoroshoni. Wakulima walikuwepo, bwana shamba Vitalis alikuwepo, na mama yao alikalishwa kiti cha mbele. Hamudi akaanza kuvua shati ajiandae. Doto akamzuia.

"Leo navaa mimi," alisema. "Siwezi kumpa mtu nguo ambayo ngozi yangu haijaijua."

Watu wakapiga makofi. Kurwa hakupiga. Hamudi alikuwa mzoefu, angeona vumbi limeingia angeacha mara moja. Doto si mtu wa kuacha, na kifua chake tangu utotoni hakipatani na vumbi. Kurwa ndiye aliyemvalisha. Mkono ulikuwa kwenye zipu, maneno yalikuwa mdomoni kabisa, ngoja kwanza, kuna kosa. Doto akageuka kwa wageni, akamshika begani. "Na huyu ndiye fundi wangu," akasema.

Fundi wangu. Kama mtu anavyosema jembe langu. Kurwa akaipandisha zipu mpaka juu.

Bomba likanguruma. Doto akainua mkono, salfa ikapaa njano hadi kileleni, ikaanza kushuka. Mkorosho wa kwanza, wa pili. Wa tatu alianza kukohoa, lakini akaendelea. Wa tano alipiga magoti, anaivuta kofia ya vazi iliyomfunika uso. Hamudi akakimbia kuzima mashine. Walipomfungua, salfa ilikuwa imejaa ndani kama unga kwenye kiroba. Wakammwagia maji ndoo baada ya ndoo huku mama analia waziwazi.

Ilichukua muda mrefu kikohozi kutulia. Kisha Doto akasimama mbele ya watu, amebaki na fulana tu na kanga ya mama begani.

"Kosa ni langu," alisema, sauti imekwaruza. "Niliwapima watu mikono ikiwa chini. Fundi alishona kama nilivyomwagiza."

Halafu makofi, tena makubwa kuliko ya mwanzo. "Msomi anayekubali kosa, mnawajua wangapi?" akauliza bwana shamba. Mama akajifuta machozi. "Huyo ndiye mwanangu," akasema.

Hapo ilipasa Kurwa aone aibu. Kilichomjia, Mungu amsamehe, kilikuwa wivu uleule. Jina la mama Doto alichukua, redio alichukua. Na sasa kosa, kosa la Kurwa mwenyewe, alilolitunza wiki mbili kwa roho mbaya yake mwenyewe, hilo nalo Doto kalichukua na anapigiwa makofi. Akajikuta amesimama.

"Anasema uongo," alisema. "Kosa ni langu mimi. Niliona kwapani pamebana kabla sijakata. Nikanyamaza."

Makofi yakafa. Doto akageuka taratibu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliyoleta mchoro."

"Na leo ukanifunga zipu."

"Nilikufunga."

Bwana shamba akatazama viatu vyake. Nyuma mtu akasema, "Hiyo ndiyo roho ya korosho yenyewe," na hakuna aliyecheka, ingawa wote pale ni wakulima wa korosho. Mama aliita "Kurwa" mara moja.

"Doto, nisamehe—"

"Usiniombe msamaha hapa," Doto akamkata. "Wageni bado wapo, na nguo bado mbovu."

Akaitupa kanga kitini, akainua mkono wa kulia juu kabisa, kama aliyeshika bomba. Kuanzia kwapani hadi ubavuni ngozi ilikuwa imevimba, imeiva.

"Pima," akasema.

Kurwa akavua futi shingoni, akasogea. Kila futi ilipogusa, Doto alikaza meno, lakini mkono hakuushusha. Kurwa naye ilimbidi atazame pale pale, asome namba.