Oili Nzito Niliyomwekea Baba

Mimi ndiye niliyejitolea kubadilisha oili ya giaboksi kwenye gari dogo la baba. Fundi mmoja wa Bukoba aliniambia nisome kwanza kitabu cha gari. Sikusoma. Nikachagua oili nzito, nikiamini nzito ndiyo imara.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunampeleka mama hospitali, Rubya. Mlimani gia ya pili ikakataa kuingia, gari likazimika. Mama, na magoti yake mabovu, akashuka akapanda kwa miguu.

“Nisamehe, mama,” baba alimwambia. “Gari langu limezeeka.”

Nilijua si uzee, ni ile oili yangu nzito.

Jumamosi niliimwaga ile oili, nikaweka nyepesi inayolifaa gari. Gia zikaingia laini. Baba akanisifu mbele ya mama, nikainamisha kichwa, na bado sikusema.