Mwalimu wa michoro arudi darajani na futi

Ni saa mbili kasorobo asubuhi, na mwalimu Gamaliel Kasonia hamwangalii mwanafunzi anayeshika futi. Anaangalia barabara. Wanafunzi wake kumi na wanne wametawanyika juu ya daraja dogo la miti huko Bungulu, mjini Beni, mashariki mwa Kongo. Mmoja anapima, mwingine anaandika, wa tatu amelala kifudifudi akichungulia boriti iliyooza.

"Mufanye mbio, lakini hapana kosa hata milimetre moja," anawaambia.

Jumatano iliyopita, daraja hili hili lilimtia mwanafunzi wake bora mahabusu.

Gamaliel, mwenye miaka 43, amefundisha michoro ya ufundi kwa miaka kumi na sita. Mshahara wa serikali umebaki hadithi tangu kabla ya vita, kwa hiyo wazazi ndio wanaomlipa: mwezi ukiwa mzuri, dola kumi na nane. Rula kubwa za darasani amezichonga mwenyewe kwa mbao za makasha.

Sharti lake ni moja, na halina msamaha. Mwanafunzi hachori kitu cha kitabuni. Anapima kitu halisi, kiti au bawaba au jiko, anakichora kwa mbele, kwa juu na kwa ubavu. Kisha karatasi inapelekwa kwa fundi ambaye hajawahi kukiona kitu chenyewe. Fundi akirudi kuuliza swali hata moja, mchoro unaanzwa upya.

"Dessin yenye inaomba wewe ukuwe pembeni kuielezea, ile haiko dessin," anasema, akiuita mchoro kwa Kifaransa.

Hulda, mwenye miaka 18, msichana pekee darasani, alichagua daraja. Boriti mbili zimeoza, na mwezi uliopita mama mmoja mwenye mzigo wa mihogo alitumbukia mguu hadi pajani. Mchoro wa boriti mpya ndio Hulda atakaoupeleka Ijumaa hii mbele ya jopo la mtihani wa mwisho. Bila mchoro huo, mwaka wake umepotea.

Jumatano jioni alipokuwa akirudi nyumbani, askari wa kizuizi cha barabarani waliikunjua karatasi yake. Waliona daraja, vipimo, na mishale kila upande. Kwa Hulda, mshale unaonyesha kipimo kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Kwao, ulionyesha adui atapita wapi. Hulda akalala ndani.

Gamaliel alifika kambini alfajiri, hata chai hajanywa.

"Ni miye nilimutuma pale," anakiri. "Kama banamupiga, nitaambia mama yake nini?"

Kamanda alikuwa ameutandaza mchoro mezani. "Oyo nini, prof?" aliuliza kwa Kilingala, akitaka kujua ni kitu gani. "Unatumia batoto kupima kilalo yetu kwa ajili ya nani?" Kilalo kwa Kilingala ni daraja.

Mwalimu hakubishana. Alieleza sharti lake la fundi, akaomba Hulda apewe kitu chochote cha kambini akichore. Kamanda alitazama huku na huku, kisha akaonyesha mlango wa mahabusu. Komeo lake la mti lilikuwa limepasuka, na walinzi waliuzuia mlango kwa gogo.

"Achore ile," alisema. "Iko na fundi hapa. Komeo ikiingia, anaenda. Ikikataa, mutabaki bote babili."

Hulda akatolewa, akapewa rula. Nyuma yake, ndani ya chumba alichotoka, walibaki wachuuzi watatu wa kutoka Kamango, wakimtazama. Alipima mara mbili. Kisha penseli ikasita, na mwalimu akajua binti anawaza nini, kwa kuwa naye aliwaza hilo hilo: milimita tano za uongo, na komeo halitashika, na wale watatu watapata upenyo.

"Nilikuwa nataka atoke," anasema Gamaliel.

Hulda aliandika vipimo vya kweli. Upande wa pili wa kambi, Ésaïe, askari aliyewahi kuwa seremala, alichonga kwa saa moja na nusu akifuata karatasi tu, bila kuonyeshwa mlango. Alirudi na komeo, na hakuwa na swali. Likaingia bila kusukumwa. Kamanda alilifunga na kulifungua, akacheka, akamwambia binti aende zake. Mchoro wa daraja alibaki nao, ila alimruhusu mwalimu kwa mdomo kulipima daraja upya.

Walitembea hadi wakakaribia nyumbani.

"Prof, nimefaulu?" Hulda aliuliza.

Gamaliel anasema hajawahi kulionea haya somo lake kama siku ile. Alimjibu ndiyo, kisha akageuza uso ili binti asimwone akilia.

Ijumaa na Jumamosi Hulda hakuonekana shuleni. Leo amewatangulia wenzake wote darajani, kupima upya. Kibali cha maandishi hawana, ni neno la kamanda tu, na zamu ya kizuizini hubadilika kila juma; askari wapya huenda hawalijui neno hilo. Safari hii mwalimu atazibeba karatasi zote mwenyewe.

Baada ya mtihani, mafundi wa kanisa wamekubali kubadilisha boriti kwa kufuata mchoro wa Hulda, yeye asiwepo.

"Kitu ya kwanza yenye ilitoka mu dessin yake ni komeo ya prison," anasema Gamaliel. "Ile hapana futika. Niko nataka ya pili ikuwe kilalo."

Hulda anainuka kutoka kwenye boriti, matope kifuani.

"Mita saba na santimeta makumi ine, prof."

Mwalimu anaitupia jicho barabara, kisha anamwambia apime tena.